Mchagua mtumbwi njo msafiri

Wakubwa wetu walituachia methali: "Mchagua jembe si mkulima." Ni maneno ya hekima kwa mambo ya shamba. Lakini siku hizi, kwenye bichi za Kisangani, tunayasikia yakitumiwa vibaya. Kijana anakuja kununua mtumbwi, anauzunguka mara moja, anaupiga ubavuni na kofi la mkono, anatoa feza, anaondoka. Ukimuuliza: "Mdogo wetu, umeujaribu majini?" anacheka na kujibu: "Yaya, mtumbwi ni mtumbwi. Mchagua jembe si mkulima."

Sisi tunasema hapana. Jembe likiwa baya, mtu anarudi nyumbani na malengelenge mikononi. Mtumbwi ukiwa mbaya, pengine harudi.

Juu ya ile njo tumeshika kalamu. Tuko na maneno mawili ya kusema, na hatutayafunika. La kwanza ni kwa sisi wenyewe tuliosoma. Tumezoea kusema pirogi ni kitu cha watu wa kijiji, na kwamba maendeleo ni balenieri yenye motere na muziki wa nguvu. La pili ni kwa wale wanaosimama siku za sikukuu na kusifu kila gogo lililochongwa, eti kwa sababu ni mali ya mababu. Wa kwanza wanadharau wasichokijua. Wa pili wanasifu wasichokipanda.

Tuangalie kwanza maji tunayokaa nayo. Kutoka Ubundu kufika Kisangani mto unashuka maporomoko 7 ya Boyoma, katika mwendo wa kilometa 100 hivi. Meli zilishindwa pale, na kwa sababu hiyo Wabelgiji walijenga reli ya kilometa 125, iliyomalizika mwaka 1906. Hata Stanley, alipofika kwenye maporomoko hayo Januari 1877, watu wake walilazimika kukata njia ndani ya msitu na kuvuta mitumbwi nchi kavu. Chini ya maporomoko mto unapanuka, na upepo wa mvua unainua mawimbi makali. Pembeni, Tshopo unaingia Lindi, Lindi unaingia mto mkubwa, na nyuma yao kuna vijito vingi ambamo miti imeangukia maji na jua haionekani.

Basi, mtu wa huku ana safari za namna mbili. Kuna safari ya kila siku: kuvuka kwenda soko, kutega nyavu, kupeleka watoto masomo, kurudi jioni. Na kuna safari ya msitu: siku 4, siku 6, pamoja na sufuria, chumvi, mkeka na panga, kulala kwenye kambi ya wavuvi na kurudi na samaki wa moshi. Swali letu ni moja: je, mtumbwi mmoja unaweza kufanya zote mbili?

Mzee mmoja alitujibu kwa ukali: "Zamani kila kazi ilikuwa na mtumbwi wake. Wa mtoto wa ndoana, wa mama wa soko, wa mkutano wa ukoo." Ni kweli, baba, hatukatai. Lakini wakati ule mti mkubwa ulikuwa karibu na maji, na fundi alikuwa jirani. Leo mafundi wanatembea mbali kutafuta gogo linalofaa, na nyumba nyingi zinaweza kulipa mtumbwi mmoja tu. Nyumba moja, mtumbwi mmoja. Ndiyo sababu kuchagua kumekuwa kazi kubwa kuliko wakati wa babu zetu, wala si ndogo.

Na watu wanachaguaje? Wanachagua kwa macho. Wanapenda urefu, sababu wameona picha za Wagenya wakipiga kasia kwa kusimama, wanaume wengi katika mtumbwi mmoja. Ule mtumbwi ni mzuri, lakini umefanywa kwa kazi ya Wagenya: kukata mkondo wa nguvu kwa mikono mingi ili kufika kwenye mitego yao. Baba na mama na kijana wao wakiupeleka kwenye kijito, utakwama kwenye kona ya kwanza. Wengine wanapenda mwembamba, sababu unakwenda mbio. Wanasahau kwamba mama hatapeleka mbio sokoni, atapeleka mihogo.

Kanuni yetu ni hii: chagua mtumbwi kwa kijito chembamba utakachopita, na kwa siku nzito utakayobeba. Usiuchague kwa siku nzuri wala kwa mto mpana.

Kijito chembamba kinataka nini? Kinataka urefu wa kiasi. Kwa nyumba ya watu 3 au 4, metre 7 zinatosha. Ukipita 9 umeanza kununua matatizo. Kinataka ncha ya mbele iliyoinuka kidogo, ili ipande juu ya gogo lililolala majini na igeuke upesi. Lakini isiinuke kama ndizi! Mtumbwi uliopinda sana unageuka vizuri kijitoni, kisha kwenye mto mkubwa unatangatanga kama mlevi, na mpiga kasia anachoka bure kuunyoosha. Kinataka pia uzito ambao watu 4 wanaweza kuuvuta juu ya magogo kupita poromoko. Kama unaomba kijiji kizima kuja kuuvuta, ule ni mtumbwi wa kukaa bichi.

Siku nzito inataka nini? Inataka tumbo pana kidogo na bapa katikati. Tumbo la duara linateleza mbio, lakini ukisimama kupiga kasia linakuzungusha. Tumbo bapa linapita maji haba, linakubali mtu asimame, na linakaa tulivu unapovuta wavu kwa upande mmoja. Upana wa sentimeta 60 au 70 katikati ni mzuri. Tena hakikisha fundi ameacha ubao mzima kwenye ncha mbili, pale mtu anaposimama na upondo. Fasi ile ikiwa nyembamba, siku moja itapasuka chini ya mguu wako.

Sasa tufanye hesabu, sababu tumeenda masomo juu ya nini? Mtumbwi wa metre 7 na sentimeta 60, ukiondoa ncha zinazopungua, unalalia maji kwa eneo la metre za mraba 3 hivi. Maana yake, kila kilo 30 unazoongeza zinaushusha sentimeta 1. Watu 3 na gunia 2 za kilo 100 ni karibu kilo 400: sentimeta 13. Kama ubavu ulikuwa mrefu vya kutosha, bado kuna shibiri moja kavu juu ya maji. Ile shibiri njo maisha yenu. Halafu kwenye bichi anakuja shemeji na rafiki yake, pamoja na gunia lingine, na unaona haya kukataa. Ni kilo 230, sentimeta 8. Shibiri imepungua karibu theluthi moja au zaidi. Upepo ukitoka, wimbi la kwanza linaingia, na maji yaliyoingia nayo ni mzigo. Watu watasema ni mapepo ya mto. Hapana. Ni hesabu.

Juu ya mti, tuseme wazi. Mafundi wengi wanapenda sapelli, ambao wengine wanaita lifaki, na mvule, ambao wachuuzi wa mbao wanaita kambala. Ni miti inayodumu majini. Lakini hata mti mzuri, ukiachwa juani ukiwa bado mbichi, unapasuka kutoka ncha kwenda katikati. Fundi wa kweli anaukausha polepole kivulini. Muuzaji wa haraka anafunika ufa na bati, misumari na lami, kisha anapaka matope juu. Kwa hiyo osha mtumbwi mbele ya kununua. Angalia ncha zote mbili. Piga ubavu mahali pengi na usikilize kama sauti inabadilika. Kisha ujaze maji mpaka juu, papo hapo kwenye bichi, uone kama unaelea. Mtumbwi unaoelea ukiwa umejaa ni kitu cha kushika siku ya hatari. Unaozama kama jiwe, uuachie mwenyewe, hata akipunguza bei.

Tunajua wenzetu watatuuliza: "Na motere? Ninyi mnataka turudi nyuma?" Hatuna vita na motere wala na balenieri. Kwenye mto mkubwa, kwa mizigo mingi, balenieri ina kazi yake. Lakini tusidanganyane kwamba mbao na motere vinaokoa mtu. Tarehe 3 Oktoba 2024, kwenye Ziwa Kivu, boti iliyotoka Minova ilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku, Goma, watu wakiiona kutoka ufukoni. Ilikuwa imejaa kupita kiasi, na watu wengi walikufa. Motere haikuwafundisha kuhesabu. Asiyejua shibiri moja ya pirogi hataijua ya balenieri. Na mafuta yakiisha ndani ya msitu, ni kasia gani itasukuma balenieri?

Wengine watasema: "Pirogi zinamaliza msitu." Hili ni neno zito na hatulikimbii. Sheria ya misitu ya mwaka 2002 inatambua haki ya wakaaji kutumia msitu kwa mahitaji yao, na gogo moja la mtumbwi si sawa na magogo yanayoshuka mto kwenda kuuzwa ng'ambo. Lakini haki si ruhusa ya kupoteza. Sapelli uleule unaotupa mtumbwi njo unaolisha viwavi ambavyo watoto wetu wanakula msimu ukifika. Ukiuangusha, umeangusha na chakula cha miaka mingi. Basi, anayenunua mtumbwi mbaya, ukapasuka baada ya mwaka, akarudi kununua mwingine, ameangusha miti miwili kwa kazi ya mmoja. Kuchagua vizuri ni kulinda msitu. Hatuoni njia nyingine ya kusema heshima kwa mababu ambayo ni ya kweli kuliko hiyo.

Tunaomba mambo matatu, na hayahitaji msaada wa mtu kutoka nje. Kwanza, asilipwe muuzaji kabla mtumbwi haujapakiwa watu na mizigo na kupigwa kasia kwenda na kurudi. Fundi mzuri hataona haya. Anayekataa amekwisha kujibu. Pili, baba aende kununua pamoja na mtoto wake, wa kiume au wa kike, na amuonyeshe shibiri kwa mkono wake mwenyewe. Maarifa haya hayako katika kitabu chochote cha masomo tulichopewa. Yako kwa wazee, na wazee wanaondoka. Tatu, fundi anayetumia wakati kukausha mti alipwe bei ya wakati wake. Tukimlipa sawa na yule wa bati na matope, mwaka ujao na yeye atanunua bati.

Kwa yule kijana wa bichi, jibu letu ni fupi. Mdogo wetu, endelea na methali yako ukiwa shambani. Ukifika kwenye maji, vua viatu, panda ndani, pakia mzigo wako wote, na upime shibiri. Ukikosa, rudisha mtumbwi kwa mwenyewe na uendelee kutafuta. Wakikucheka kwenye bichi, waache wacheke. Jioni utafika nyumbani.