Aliyeondolewa Utumbo na Sala Zake

Ndugu yetu mmoja wa Ifakara, mkulima wa mpunga, ametuuliza jambo ambalo wengi hulionea haya. Mkewe ameondolewa utumbo mpana wote kwa maradhi. Choo chake sasa hutokea tumboni, katika mfuko uliobandikwa juu ya ngozi. Naye ameacha kusali, akidhani ya kuwa yu najisi daima. Je, hakuna upasuaji mwingine?

Upo. Huo aliofanyiwa, wa kuitoa ncha ya utumbo mwembamba nje ya tumbo, ulitengenezwa vyema na Bryan Brooke wa Uingereza mwaka 1952, alipoikunja ncha hiyo kama upindo wa mkono wa kanzu ili maji makali ya utumbo yasiichome ngozi. Mwaka 1969 Nils Kock wa Uswidi alieleza namna ya kuushona utumbo uwe kifuko ndani ya tumbo, mgonjwa akautoa uchafu kwa mpira mwembamba. Kisha Parks na Nicholls wa London, mwaka 1978, wakakiunganisha kifuko na njia ya asili. Mtu huenda chooni kama wenziwe, ingawa mara tano au sita kwa siku. Lakini njia hizi mbili hutaka mpasuaji aliyezizoea, wala hazimfai kila mgonjwa. Na awaulize madaktari wa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, hapo hapo Ifakara, kama yafaa apelekwe Muhimbili kutazamwa.

Ama sala, haikumwondokea. Wanavyuoni humweka mtu kama huyu pamoja na asiyeweza kuzuia mkojo. Amwage kilichomo mfukoni, atie udhu baada ya kuingia wakati wa faradhi, asali bila kukawia. Kitakachotoka akiwa katika sala hakimdhuru. Fatima binti Abi Hubaishi alipomshitakia Mtume (s.a.w.) damu yake ya ugonjwa isiyokatika, hakuruhusiwa kuacha sala kwa ajili yake.

Funga ndiyo ya kuangaliwa sana. Utumbo mpana ndio unyonyao maji na chumvi. Asiye nao hupoteza nusu lita, hata lita nzima, kila siku. Katika joto la Kilombero asifunge ila kwa idhini ya daktari. Wali, ambao kwao haukosekani, wamfaa: huufanya uchafu uwe mzito.

Ndugu yetu atwambia pia kwamba amehamia chumba cha pili. Hatukuona sababu. Mfuko ukibandikwa sawasawa hauvuji wala hautoi harufu, na mkewe hana ugonjwa wa kuambukiza. Arudi chumbani mwake.