Ukishuka Melini, Tanguliza Noti

Siku moja tulishuka Mombasa wakati meli ya watalii ilikuwa imefunga gati Kilindini. Tulikuwa na kazi yetu ya kawaida: kuwaonyesha wafanyabiashara wadogo wa Mji wa Kale namna ya kupokea malipo kwa simu, kukagua SMS kabla ya kufungasha bidhaa, na kutomwambia mtu PIN hata akijiita nani. Mabango yetu yalikuwa yametundikwa vizuri. Namba ya till ungeisoma ukiwa ng'ambo ya barabara.

Wakaja wageni wawili, mume na mke, watu wa umri wa babu na nyanya zetu. Walipenda vikoi viwili na kisanduku kidogo cha mbao cha kuchonga. Wakapatana na mama mwenye duka kwa shilingi 2,800. Mzee akatoa kadi. Mama akaonyesha till. Mzee akatabasamu, mama naye akatabasamu, na hapo biashara ikasimama. Yeye hana mashine ya kadi. Wao hawana laini ya Kenya. Na sisi, watu wa malipo ya kisasa, tumesimama katikati na fulana zetu za kampuni hatuna la kusema.

Walikuwa na noti moja ya dola 50. Mama hakuwa na chenji ya dola, na hakutaka kuipokea maana hakuwa na uhakika kama ni halali. Aliyeokoa jahazi ni dereva wa tuk-tuk aliyewaleta. Alichukua ile noti, akaihesabu dola moja kwa shilingi 100, akamlipa mama 2,800 kwa simu, akawarudishia wageni 2,200. Kila mtu akafurahi. Lakini siku hiyo dola ilikuwa karibu shilingi 129, kumaanisha ile noti ilikuwa na thamani ya shilingi 6,450. Wale wazee walipoteza 1,450, zaidi ya nusu ya bei ya vitu walivyonunua, kwa sababu tu waliingia mjini bila pesa za mji.

Hatumlaumu sana dereva. Alitoa huduma, na huduma ina bei, ingawa hii ilikuwa bei ya kunyonga. Swali lililotusumbua njiani kurudi Nairobi ni lingine: mtu anayeshuka bandarini kwa saa sita au saba tu, alipe kwa kadi au kwa noti? Ofisini tuligawanyika. Wengine walisema keshi ni ya kizamani, inaibwa, inapotea, inabaki mfukoni safari ikiisha. Wengine, na ndio tulioshinda, tulisema bandari si duka la jumla la Westlands. Msimamo wetu ni huu: ukishuka melini, tanguliza noti ndogo za nchi uliyofika, na kadi iache kwa mambo makubwa na kwa dharura. Tunajua inashangaza kusikia hivyo kutoka kwa kampuni inayokula kwa malipo ya simu.

Kwanza elewa kwa nini abiria wa meli hushuka mikono mitupu. Ndani ya meli kubwa za kitalii hakuna anayelipa kwa noti. Siku ya kupanda unaandikisha kadi yako ya benki, unapewa kadi ya chumba, na kuanzia hapo soda, picha, hata kunyolewa, vyote vinaandikwa kwenye bili ya chumba. Bili hiyo hulipwa mwisho wa safari. Siku tatu za maisha hayo zinatosha kumsahaulisha mtu kwamba pesa zipo. Halafu asubuhi ngazi inateremshwa, anakutana na dereva, muuza madafu, mlinzi wa choo cha kulipia na mama wa vikoi, na hakuna hata mmoja mwenye habari na kadi ya chumba.

Pili ni saa. Hoteli itakungoja, meli haikungoji. Ikisemwa watu wawe wamerudi saa kumi jioni, ni saa kumi. Kila dakika unayopoteza kutafuta ATM, kupanga foleni na kujaribu tena kadi iliyokataa, unaikata kwenye matembezi uliyoyalipia pesa nyingi. Hapo ndipo noti inapoishinda kadi: haina mtandao wa kupotea.

Lakini wacha tuyaache ya wazungu, maana Wakenya nao siku hizi wanapanda hizi meli. Kuna wanaoruka hadi Dubai msimu wa baridi, wanapanda meli inayozunguka bandari za Ghuba, na kituo kimoja kinachopendwa ni Muscat, Oman. Bandari ya Sultan Qaboos iko Muttrah, na soko la zamani la Muttrah liko karibu na lango lake. Ndani utapata ubani wa Dhofar, shali, fedha za kuvaa na majambia ya kutundika ukutani. Usishangae ukiuliza bei kwa Kiingereza ukajibiwa kwa Kiswahili. Waomani wengi wana asili ya Unguja na pwani yetu, na lugha hawajaiacha.

Kiswahili kitakusaidia kupatana bei, ila hakitakulipia. Maduka makubwa pale yana mashine za kadi. Vibanda vidogo na teksi hupenda riali, na ukiwa na riali mkononi bei huteremka kirahisi zaidi kuliko ukiwa umeshika plastiki. Riali moja ya Oman si pesa ndogo, ni kama dola 2.60, yaani karibu shilingi 335 zetu, na inagawanyika kuwa baisa 1,000. Kwa hiyo ukisikia bei ya "mbili tu" usitoe haraka haraka ukidhani ni mbili za kwetu. Hiyo ni zaidi ya 650.

Tuseme umepata shali ya riali 20 kwenye duka lenye mashine. Hapa kuna mtego ambao tungependa kila mteja wetu aujue kabla hajavuka mpaka wowote. Mashine inasoma kuwa kadi ni ya Kenya, kisha inauliza: ulipe kwa shilingi za Kenya au kwa riali? Moyo unasema shilingi, kwa sababu unazielewa. Kataa. Ukichagua shilingi, anayekubadilishia pesa si benki yako bali ni mwenye mashine na mshirika wake, kwa kiwango wanachokipanga wenyewe, na faida yao wameshaiweka ndani. Kwa mfano, wakiongeza asilimia 5 tu, shali ya 6,700 inakuwa 7,035. Chagua pesa za nchi uliyomo, siku zote. Muuzaji akikubonyezea mwenyewe bila kukuuliza, mwambie afute aanze upya. Usione haya, ni haki yako.

Jambo jingine linalochanganya watu ni neno "kadi" lenyewe. Kadi ya mkopo si pesa zako, ni pesa za benki. Ukinunua nayo na ukalipa deni lote kwa wakati, sawa. Ukiichomeka kwenye ATM utoe noti, hadithi ni nyingine: kuna ada ya kutoa, na riba kwa kawaida huanza kuhesabiwa siku hiyo hiyo bila kungoja mwisho wa mwezi. Kwa kutoa noti tumia kadi ya kawaida ya akaunti yako, na utoe mara moja kiasi cha kutosha badala ya mara nne kidogo kidogo, maana kila ukitoa kuna makato. Unalijua hili tayari kutoka kwa wakala wa mtaani.

Kadi ya mkopo ina kazi yake ya heshima, nayo ni kulipia vitu vizito: ziara ya siku nzima, vito, hoteli ukiachwa na meli (haya, tusiombe), au hospitali. Wezi wakiichezea, unabishana na benki kuhusu deni kabla hujalilipa. Wakiichezea kadi ya akaunti, pesa zako zimeshatoka na wewe ndiye unayezifuata.

Na simu je? Tuseme ukweli wetu. Till ya Kenya na Lipa Namba ya Tanzania ni majirani wasiosalimiana kirahisi, na Muttrah hawana habari na yoyote kati yake. Kadi za Visa za mtandaoni zinazounganishwa na pochi ya simu ni nzuri kwa kulipia ziara kwenye intaneti kabla hujaondoka nyumbani, ukiwa umetulia. Lakini hazina plastiki ya kumpa muuzaji. Tena benki nyingi hutuma namba ya siri ya muda kwa SMS kuthibitisha malipo ya mtandaoni, na SMS hiyo inakuja kwenye laini ile ile uliyoizima kwa kuogopa gharama za nje. Ukiwa baharini, mtandao wa simu wa melini ni ghali mno, kwa hivyo kuizima ni busara. Basi maliza malipo ya mtandaoni kabla ya kupanda, au washa laini ukiwa nchi kavu baada ya kuuliza bei kwa mtoa huduma wako. Na ipigie benki simu kabla ya safari, kwani kadi nyingine hufungwa zisitumike nje mpaka mwenyewe aombe zifunguliwe.

Karibu na nyumbani kuna Unguja, ambako meli nyingi zinazopita Mombasa hutua pia. Pale shilingi moja yetu ni karibu 20 zao, na noti yao kubwa kuliko zote ni ya 10,000, kama mia tano zetu hivi. Mkoba utajaa na utajiona tajiri mpaka ufike Forodhani jioni, uagize pweza, juisi ya miwa na ile wanayoiita piza ya Zanzibar. Wachoma pweza hawana mashine. Madukani Mji Mkongwe wengine wanazo ila huongeza asilimia fulani ukilipa kwa kadi, kwa hiyo uliza kwanza. Zamani dola zilitembea kila kona ya kisiwa, lakini mwaka 2025 Tanzania ilipiga marufuku kutoza bei za ndani kwa fedha za kigeni, kwa hivyo shilingi yao ndiyo ya kubeba.

Dola bado ni akiba nzuri ya kubadilisha. Zinunue kwenye duka la kubadilisha fedha nchini kabla ya safari, na uzikague. Noti zilizochakaa, zilizochorwa, au za miaka ya kabla ya 2009 hukataliwa mara nyingi ukanda huu. Chukua pia ndogo ndogo, za moja, za tano, za kumi. Dola 50 ya wale wazee ilikuwa nzima na safi, shida yake ilikuwa ukubwa.

Ubebe kiasi gani? Hatuna namba ya kumpa kila mtu. Hesabu vitu, si siku: usafiri wa kwenda na kurudi, chakula, maji, choo, zawadi ya aliyekuongoza, na kitu kimoja au viwili vya sokoni. Hicho ndicho kiasi cha kubadilisha, pamoja na kidogo cha kurudia gati kwa teksi ukichelewa. Ukibadilisha zaidi, utarudi melini na noti ambazo bandari inayofuata hawazitaki. Gawa mara mbili: za matumizi mfuko wa mbele, nyingine pamoja na kadi mahali ambapo mkono wa mtu mwingine haufiki. Wenzetu waliosema keshi huibwa hawakukosea. Ila mwizi akichukua pesa za nauli na pweza, safari inaendelea.

Kuhusu mama wa vikoi, tulimuuliza kama angependa mashine ya kadi. Alituuliza pesa za kadi zinaingia baada ya siku ngapi na zinakatwa kiasi gani. Tukamwambia hutegemea benki, huenda ikawa siku moja au zaidi, na kuna asilimia inayobaki kwao. Akasema meli haziji kila wiki, na kitambaa cha kesho anakinunua kwa pesa za leo. Tulipopita tena alikuwa ameweka kipande cha kadibodi kando ya bango letu la till, kimeandikwa kwa kalamu nene kiwango cha dola cha siku hiyo, na droo yake ilikuwa na dola moja moja za kurudisha chenji.