Twendeni Kituoni Usiku Uleule



Jumatatu moja mwezi uliopita nilimsindikiza mzee mmoja, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, kwenda kituo cha polisi kumtoa mwanawe. Kijana alikuwa ndani tangu Ijumaa usiku. Alikuja kaunta peku, mkono mmoja umeshika kiuno cha suruali, kwa kuwa mkanda ulibaki kaunta siku ile alipoingia. Afande akamrudishia vitu vyake kimoja kimoja kwa orodha: mkanda, kandambili, simu iliyokwisha chaji, shilingi elfu saba. Akasaini. Baba yake hakusema neno. Aliuchukua ule mkanda akaanza kumvalisha mwenyewe kama mtoto wa chekechea, na kijana wa miaka 24 akamwachia.

Kisa chenyewe mnakijua, maana kilitokea mbele ya macho yetu pale kijiweni. Kijana huyu na mwenzake wa bodaboda waligombania abiria, maneno yakazidi, akashika spana akampiga mwenzake juu ya jicho. Nyuzi nne. Sitetei spana. Aliyepigwa naye ni mtoto wa mtaa huu, na nitamrudia.

Ninachotaka tukizungumze ni zile siku tatu.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inasema hivi: mtu akikamatwa bila hati kwa kosa ambalo adhabu yake si kifo, na ikaonekana hawezi kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, mkuu wa kituo alitazame shauri lake, na kama kosa halionekani kuwa zito amwachie kwa dhamana. Tena sheria hiyohiyo inamtajia polisi mambo ya kupima anapoombwa dhamana. Huyu mtu anakaa wapi? Anafanya kazi gani? Ana familia? Akiitwa mahakamani atakuja?

Niambieni basi, Ijumaa saa nne usiku, nani ana majibu hayo? Afande kamwona kijana kwa mara ya kwanza, shati lina damu. Mama wa maandazi anajua kijana huyu hupita kwake kila alfajiri na hulipa deni lake Jumamosi. Mwenye nyumba anajua amepanga mwaka wa nne. Kiongozi wa kijiwe anayo hata namba ya pikipiki na jina la tajiri wake. Majibu yote yalikuwepo huku mtaani, ila hakuna aliyeyabeba kuyapeleka kituoni. Tuliambiana tu, "amekamatwa," tukaingia ndani kulala.

Wepesi wa kulaumu polisi tunao, na mara nyingine wanastahili. Lakini safari hii nimefuatilia hatua kwa hatua, na sehemu kubwa ya zile siku tatu ni yetu wenyewe.

Jumamosi nzima mzee alikuwa anatafuta hela. Kuna mtu alisimama nje ya geti, si askari, akajitambulisha kuwa anajuana na watu wa ndani, akataja laki moja na nusu "ya kumtoa". Mzee akazunguka kukopa, akawa tayari kuweka rehani friji ya soda ya mkewe. Jamani, dhamana ni bure. Hulipi kaunta, humlipi mpelelezi, huchangii mafuta ya gari. Mdhamini akiambiwa asaini bondi ya shilingi laki tano, maana yake si kwamba azitoe pale. Anaahidi kwamba mtuhumiwa akiruka dhamana, yeye ndiye atakayedaiwa hizo laki tano. Ikiwa mahakama itaagiza fedha taslimu ziwekwe, zinawekwa kwa stakabadhi. Nusu ya hofu yetu juu ya dhamana inatokana na kutolijua hili moja tu.

Jumapili ilikwenda kwa sababu ya barua. Kituoni walitaka mdhamini mwenye kitambulisho na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa. Ofisi yetu ya mtaa hufungwa Ijumaa alasiri, na muhuri hulala kwenye mtoto wa meza mpaka Jumatatu. Kwa hiyo ukipigana Jumanne utalala ndani siku moja, ukipigana Ijumaa utalala tatu, kwa ngumi ileile.

Wapo waliosema akae huko ashike adabu, mpiga watu huyo. Hata sheria iliwahi kusema hivyo. Ile ya 1985 ilikuwa na kifungu kilichozuia dhamana kwa yeyote ambaye kosa lake lilikuwa na shambulio baya au tishio la nguvu ndani yake, hakimu asiwe hata na nafasi ya kumtazama mtu mwenyewe. Likaja shauri la mtuhumiwa aitwaye Daudi Pete. Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu akakitupa kifungu kile, Serikali ikakata rufaa, na mwaka 1991 Mahakama ya Rufani, enzi za Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikakubaliana naye kwamba kinapingana na Katiba. Ni zaidi ya miaka 30 sasa. Yapo makosa ambayo bado hayana dhamana, kama mauaji, uhaini na unyang'anyi wa kutumia silaha. Ugomvi wa kijiweni haumo. Shambulio la kawaida kifungo chake hakizidi mwaka 1, la kudhuru mwili hakizidi miaka 5, na yote mawili yana dhamana. Adhabu, ikiwepo, itatoka kwa hakimu baada ya kusikiliza.

Na huyu wa nyuzi nne? Usiku ule alikwenda zahanati peke yake, kitambaa jichoni, akarudishwa kufuata fomu ya PF3 kituoni, akarudi tena kwa miguu. Ile fomu ndiyo daktari anayojaza jeraha ni la aina gani, na ndiyo itakayobeba kesi yake. Hakuna aliyemshika hata mkono. Ninapowaita twende kituoni, nawaita kwa ajili ya pande zote mbili: wawili waende na mtuhumiwa, wawili waende na aliyeumia mpaka atibiwe. Nawaambia wazazi wa vijana wakorofi pia: jeraha la kichwa likipuuzwa mtu akafa, shtaka linaweza kugeuka kuwa la mauaji, na likigeuka hivyo mdhamini hana kazi tena.

Jambo moja nalisema waziwazi, hata kama litawaudhi baadhi ya wazee wenzangu. Mume akimpiga mkewe, orodha ya wadhamini nitakayoiomba hapa chini isigeuke kamati ya kumbembeleza mama afute kesi. Sheria inaruhusu mahakama kuhimiza suluhu kwenye shambulio la kawaida, lakini suluhu ya kusukumwa na majirani kumi waliojaa sebuleni siyo suluhu. Dawati la jinsia na watoto liko kwa ajili hiyo. Mama apelekwe huko. Mume atapata dhamana yake kama mwingine yeyote, akalale kwa kaka yake.

Tuna chama cha kuzikana ambacho turubai na sufuria zake hufika msibani kabla maiti haijatoka hospitali. Kwa harusi tunachangishana mpaka kwa vitisho. Wepesi huohuo nauomba kwa mtu aliye hai.

Ombi langu ni hili. Kila shina litoe watu wanne walio tayari kuitwa usiku, wanawake wawili na wanaume wawili, wenye vitambulisho na makazi yanayojulikana. Majina na namba zao tuyaandike kwenye daftari moja litakalokaa kwa mama wa duka la kona, maana yeye hafungi mapema. Mwenyekiti na mtendaji wa mtaa nawaomba, mbele yenu nyote, tupange zamu ili muhuri upatikane Jumamosi na Jumapili, na barua hiyo isitozwe hata shilingi. Atakayeitwa asimdhamini asiyemjua. Aseme tu "simjui", aitwe mwingine. Na akifika kituoni asalimie kwanza, aulize kwa upole mtu wetu anatuhumiwa kwa kosa gani na amekamatwa saa ngapi, ayaandike. Kupiga kelele kaunta hakujawahi kumtoa mtu.

Tukutane Jumapili hii saa kumi jioni, uwanja wa shule, mara tu baada ya kikao cha kuzikana. Daftari nimeshanunua. Njooni na kitambulisho pamoja na nakala yake, na nakala mtoe Jumamosi, kwa sababu yule kijana wa fotokopi Jumapili hafungui.