Malale ya Kibondo na Kasulu: Tusiifunge Hadubini Mapema

Mwaka 1902 daktari kijana Mwitaliano, Aldo Castellani, alikuwa Entebbe akitafuta chanzo cha malale, ugonjwa uliokuwa ukiteketeza watu kandokando ya Ziwa Victoria. Mwanzoni aliamini kwamba muuaji ni bakteria. Alipoyachunguza maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa, akakuta kiumbe kingine kabisa: kimelea chenye mkia, kinachojipinda kama mnyoo mdogo, kiitwacho trypanosoma. Utafutaji ulikuwa umeelekezwa kwa adui asiye yeye.

Nalikumbusha tukio hilo kwa sababu, zaidi ya karne moja baadaye, bado tunaizungumzia malale kana kwamba ni ugonjwa mmoja. Mimi si tabibu. Udaktari wangu ni wa vitabu, si wa sindano. Lakini kilichoandikwa na wanasayansi kuhusu vinasaba vya kimelea hiki kina maana kubwa kisiasa na kijamii kwa watu wa Kibondo na Kasulu, na sioni kikijadiliwa inavyostahili.

Malale inayowapata binadamu ni ya aina mbili. Ile ya gambiense hupatikana Afrika ya Magharibi na ya Kati, wakiwamo jirani zetu wa Kongo. Huenda taratibu, na aghalabu huchukua miaka kabla ya kuvamia ubongo. Ile ya rhodesiense ndiyo yetu, ya Kibondo, Kasulu na maeneo ya miombo kama Urambo na Mpanda. Hii haina subira. Huweza kuingia katika mfumo wa fahamu ndani ya wiki au miezi michache, na mgonjwa asiyetibiwa kwa kawaida hufa kabla mwaka haujaisha.

Tofauti huanzia katika vinasaba. Damu ya binadamu ina protini inayoua trypanosoma za kawaida, zile zinazowaletea ng'ombe wetu nagana. Kimelea cha rhodesiense kina jeni moja, SRA, inayotengeneza kinga dhidi ya protini hiyo. Jeni moja tu ndiyo inayotenganisha ugonjwa wa zizini na msiba wa nyumbani. Tena vimelea hivi hujamiiana ndani ya tezi za mate za mbung'o, au ndorobo kama wengi wanavyomwita, hivyo jeni hiyo inaweza kuhama kutoka ukoo mmoja wa vimelea kwenda mwingine.

Hata ndani ya rhodesiense yenyewe koo hazifanani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 uliwalinganisha wagonjwa wa Uganda na wa Malawi. Kule Uganda ugonjwa ulikuwa mkali na wa haraka. Kule Malawi ulikwenda polepole zaidi kuelekea ubongoni. Na vimelea vya pande hizo mbili vilitofautiana kwa vinasaba. Vimelea kutoka kwa wagonjwa wa magharibi mwa Tanzania navyo vilichunguzwa katika miaka ya 1990, vikaonekana kuwa na tofauti zao. Damu ya watu wetu, basi, imechangia elimu hii. Swali langu ni: elimu hiyo imewarudishia nini?

Tutazame vipimo. Kwa aina ya gambiense kipo kipimo cha haraka cha damu, kwa sababu vimelea vyake vingi vina alama moja ya pamoja inayotambulika. Rhodesiense haina alama ya namna hiyo, kwa hiyo hakuna kipimo cha haraka kinacholingana nacho. Kinachobaki ni hadubini na macho ya mtaalamu wa maabara aliyefundishwa kuitambua trypanosoma.

Hapo ndipo penye hatari. Zamani mtu mwenye homa alitolewa damu ikatazamwa kwenye kioo. Aliyekuwa akitafuta malaria aliweza kuikuta malale bila kuitarajia. Leo zahanati zetu hutumia kipimo cha haraka cha malaria. Sikipingi, kimeokoa maisha mengi, na Kigoma ni mkoa wenye malaria nyingi. Lakini kipimo hicho hujibu swali moja tu. Mrina asali aliyetoka porini anaweza kuwa na malaria na malale kwa wakati mmoja. Atapewa dawa ya malaria na kurudi nyumbani. Baada ya wiki kadhaa atasinzia mchana na kukesha usiku, atabadilika tabia, atagombana na watoto wake bila sababu. Familia itasema amerogwa. Wakati huo kimelea kimekwisha kuingia ubongoni.

Na kuchelewa kuna gharama. Kwa miongo mingi, malale ya rhodesiense iliyofika ubongoni ilitibiwa kwa melasoproli, dawa yenye sumu ya aseniki, ambayo yenyewe iliwaua baadhi ya waliopewa. Habari njema ni kwamba feksinidazoli, dawa ya kumeza iliyojaribiwa kwa wagonjwa wa Malawi na Uganda, imeingizwa mwaka 2024 katika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa aina hii pia. Lakini dawa nzuri haimtibu mgonjwa ambaye hajatambuliwa.

Najua hoja ya upande wa pili, nayo ina uzito: wagonjwa ni wachache mno, na halmashauri zina kina mama wajawazito, watoto na kambi za wakimbizi za kuhudumia. Kwa nini fedha ziende kwa ugonjwa unaotoweka? Jibu langu ni kwamba uchache wa walioandikwa hautuambii idadi ya waliougua pale ambapo hakuna anayetazama. Zaidi ya hayo, rhodesiense huishi ndani ya wanyamapori na mifugo. Kule Tinde, Shinyanga, kuanzia mwaka 1934, kimelea kilichotoka kwa binadamu kilipitishwa kwa mbung'o na kondoo kwa miaka zaidi ya ishirini, kikabaki na uwezo wa kumwambukiza mtu. Kimelea kinachoweza kusubiri porini muda huo wote hakitatoweka kwa sababu tu daftari la zahanati halina jina jipya. Wahenga walisema, kimya kingi kina mshindo mkuu.

Serikali ya kikoloni ilipambana na malale huko Buha kwa kuwahamisha watu kutoka makwao na kuwakusanya katika makazi mapya. Leo hatuhitaji kumhamisha mtu. Tunahitaji mambo machache: hadubini inayofanya kazi na mtaalamu wake katika vituo vya afya vilivyo karibu na mapori, amri iliyo wazi kwamba homa isiyosikia dawa ya malaria itazamwe kwenye kioo, feksinidazoli ipatikane mkoani, na daktari wa mifugo aketi meza moja na mganga wa wilaya, kwa sababu ng'ombe na mwenye ng'ombe wanaumwa na mbung'o yuleyule. Bajeti ya mambo hayo ni ndogo. Wizara ya Afya na halmashauri za Kibondo na Kasulu zinaweza kuianza katika mwaka wa fedha ujao, kabla kizazi cha wataalamu wanaoitambua trypanosoma kwa macho hakijastaafu chote.