Ardhi Si Jiko: Istilahi ya Jotoardhi na Nguzo za Msingi

Wahenga walinena kuwa jina jema hung'ara gizani. Jina lisilofaa nalo huweza kutia giza palipo na nuru.

Tangu mtambo wa kwanza wa Olkaria uanze kuzalisha umeme mwaka wa 1981, neno jotoardhi limetwaa maana moja katika fikra za Wakenya wengi: mvuke mkali unaofoka kutoka miambani katika Bonde la Ufa. Hapo hapana kosa. Kosa huzuka neno hilo hilo linapobebeshwa teknolojia ya namna nyingine kabisa.

Katika uwanja wa ndege wa Zürich, nchini Uswisi, lipo jengo la abiria lililofunguliwa mwaka wa 2003. Limesimama juu ya nguzo za msingi zipatazo 440, na zaidi ya 300 kati yazo zina kazi ya pili. Mabomba ya plastiki yalizikwa ndani ya zege ya nguzo hizo. Kiowevu huzunguka humo, kikipeleka joto la jengo ardhini wakati wa kiangazi, na kulirejesha kwa msaada wa pampu ya joto wakati wa baridi. Hakuna volkano wala mvuke. Mita kumi na zaidi chini ya uso, joto la udongo halibadiliki sana mwaka mzima. Ardhi, basi, si jiko, ni ghala.

Tofauti hii si ya maneno matupu. Anayeshikilia maana ya Olkaria atadhani kwamba nguzo hizi hufaa penye joto jingi tu. Kumbe hufaa zaidi penye misimu miwili inayopokezana. Mombasa, ambako majengo huhitaji kupozwa takriban mwaka mzima, ghala huwekewa pasipo kutolewa. Udongo huelekea kupata joto mwaka baada ya mwaka, na nguzo kupungukiwa na uwezo, isipokuwa joto hilo litumiwe kwingine, mathalan kupasha maji ya kuogea hotelini.

Wapo watakaodai kuwa Kiswahili kina istilahi tele zisizotumika. Ni kweli, lakini aghalabu hizo ni zile zilizotafsiri jina pasipo kueleza kazi. Jotoardhi na libaki Olkaria. Nguzo hizi na ziitwe nguzo-ghala. Mjenzi atakayelisikia jina hilo atauliza mara moja: kinachowekwa kitatolewa lini? Hilo ndilo swali linalostahili kuulizwa kabla ya zege kumwagwa.