Mwanamke Aliyempakata Baba

Wiki tatu zilizopita binamu yangu wa Dubai alituma picha kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wetu. Nyeusi na nyeupe, pembe moja imeliwa na mende. Mwanamke kijana amekaa kitini, amempakata mtoto wa kiasi cha mwaka mmoja, nyuma yao pazia la studio limechorwa nguzo na maua. Mtoto tulimjua kwa masikio yake: marehemu baba yangu. Mwanamke, wote tukasema ni bibi. Kabla ya magharibi mmoja wetu alishaitia kwenye fremu.

Mimi nilimwomba binamu anipigie na upande wa nyuma. Kulikuwa na muhuri wa Capital Art Studio, ile ya Mji Mkongwe iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, kisha ikashikwa na mwanawe Rohit. Huenda na nyinyi mnao muhuri huo majumbani, ila picha imegandishwa kwenye albamu. Msiibandue! Gundi ya zamani huondoka na karatasi. Pigeni ukurasa mzima, karibu na dirisha, bila ya fleshi, na mkituma tumeni kama dokumenti, maana ikitumwa kama picha ya kawaida WhatsApp huibana hata sura zikapotea.

Muhuri haukunipa jina. Nikamtumia shangazi yangu Maskati, peke yake, si kwenye kundi, kwani yeye hapendi kubishana na watoto. Ana mtoto wa jicho, mjukuu wake akamkuzia picha. Sikumuuliza "Huyu si bibi?" Wazee wetu ukiwauliza hivyo hukukubalia kwa heshima tu. Niliuliza, "Shangazi, shikamoo, nani huyu?"

Akanijibu kwa sauti, vipande kumi na moja.

"Marahaba mwanangu. Huyo si mama. Mama hakutoboa pua. Huyo ndiye aliyemnyonyesha baba yako, mama alipougua akalazwa."

Akamtaja kwa jina, akataja na mtaa wake Ng'ambo, na kwamba alikuwa na mtoto wake mwenyewe wa umri wa baba. Kwa hiyo watoto wa mama yule ni ndugu wa baba wa kunyonya. Ni ami na shangazi zangu, na miaka yote hii hakuna aliyewahi kuwapelekea hata salamu ya Idi.

Kwenye kundi hawakufurahi wote. Mjomba mmoja aliuliza tunafukua nini. Binamu mwenye fremu aliniuliza, kwa uchungu hasa, picha ya bibi basi iko wapi. Haipo. Zake zilibaki sandukuni Unguja mwaka 1964, na sanduku lile hatukuliona tena. Nilimpokonya bibi aliyekuwa naye kwa siku mbili, na sikuwa na wa kumpa badala yake. Hilo bado linanisumbua.

Jirani wa zamani aliyebaki Ng'ambo alimpata yule mtoto wa pili, sasa mzee mwenye wajukuu. Nilimtumia picha, akanipigia usiku uleule. Hakuwa na picha yoyote ya mama yake. Alikaa kimya muda mrefu, nikadhani simu imekatika.

"Ni yeye," akasema. Kisha: "Mbona mimi simo? Tulikuwa wote kifuani pale."

Sikuwa na jibu. Asubuhi nikamuuliza shangazi, akacheka mpaka akakohoa. Alikuwepo, akasema, walikwenda naye studio, amevishwa na kofia. Aliziogopa taa, akalia mpaka akatolewa nje.

Sauti ile nimempelekea ami yangu kama ilivyo, pamoja na kikohozi.