Neno la Mhariri: Siku Mbili za Vitabu Mwitongo

Mgeni anayefika Mwitongo, kijijini Butiama, hupelekwa kaburini kwanza. Kisha huingizwa katika makumbusho yaliyofunguliwa Julai 1999, miezi michache tu kabla ya Mwalimu Julius Nyerere kufariki dunia London tarehe 14 Oktoba mwaka huohuo. Ataona nguo alizovaa, zawadi alizopewa na mataifa, picha za wakuu wenzake. Atatembea kidogo penye majabali, atapiga picha, atasaini kitabu cha wageni, ataondoka. Watoto wa shule hufika kwa mabasi, hupanga mstari wakiwa na sare zao, huandika miaka kwenye madaftari kwa sababu mwalimu amesema itaulizwa, na mchana wako njiani kurudi.

Toleo hili tumelitenga kwa hoja moja. Boma la mtu aliyesoma na kuandika mpaka uzeeni linastahili kusomewa vitabu. Tunataka kila mwaka, mwishoni mwa wiki moja ya likizo ya katikati ya mwaka, familia za Musoma, Bunda na Butiama zije Mwitongo, baba na mama, bibi na babu, watoto na wajukuu, zikae chini ya miti zisome kwa sauti, zisimuliane hadithi, zionane na waandishi, na zirudi nyumbani na kitabu mkononi.

Wengi wetu tunamjua Mwalimu wa siasa, wa hotuba na wa vijiji vya ujamaa. Mwalimu wa kalamu tunamtaja kwa haraka tu. Hebu tukae naye kidogo. Tafsiri yake ya kwanza ya Shakespeare ilitoka mwaka 1963, nchi ikiwa changa na kazi za serikali zikiwa hazina mwisho. Hakuridhika nayo. Aliirudia, akaisahihisha, na mwaka 1969 ikatoka upya kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwaka huohuo likatoka Mapebari wa Venisi. Fikiria maana ya kazi hiyo: rais aliyezungukwa na mafaili anatafuta saa ya kukaa na mstari mmoja, aupime, aufute, aujaribu tena, mpaka Antoni asimame mbele ya umati na kuugeuza kwa Kiswahili kinachomtoka mtu kinywani bila kujikwaa. Alipostaafu akarudi Butiama, shambani na mezani. Mwaka 1996 Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho wakachapa Enjili zote nne pamoja na Matendo ya Mitume alizozigeuza kuwa tenzi, maelfu ya beti. Anayejua utenzi unavyobana, mizani minane kila kipande na kina kisichosamehe, anajua kwamba kazi ile haifanywi na mtu anayeandika kwa kujipumbaza. Na katika nyumba yake Mwitongo kimebaki chumba cha maktaba chenye maelfu ya vitabu vyake mwenyewe.

Kuna lingine, na hili ndilo linalotufanya tuseme familia, si wanafunzi. Nyerere alianza shule mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12, pale Mwisenge, Musoma, maili 26 kutoka nyumbani. Miaka kumi na miwili ya mwanzo ya maisha yake haikuwa na kitabu. Ilikuwa na mama, Mugaya wa Nyang'ombe, ilikuwa na boma la baba yake, Mtemi Nyerere Burito, lenye wake wengi na watoto wengi, wazee wakiamua mashauri na vijana wakisikiliza pembeni. Ilikuwa na bao. Inasimuliwa Butiama kwamba ni bao ndilo lililompeleka shule: Mtemi Ihunyo, rafiki wa baba yake, alipoona jinsi kijana anavyohesabu kete na kumzidi mtu mzima akili, akamshauri mzee asimwache nyumbani. Mtoto yule hakuletwa kwenye herufi akiwa mtupu. Masikio yake yalikwisha kufundishwa kufuata hoja ndefu, kungoja mwisho wa kisa, kukumbuka nani alisema nini. Kazi hiyo ilifanywa na ukoo, jioni, bila ratiba wala mtihani.

Leo kazi hiyo tumeikabidhi shule peke yake, nayo shule imeelemewa. Mtoto wa kwetu hukutana na kitabu kikiwa na maswali mwishoni. Hajawahi kumwona baba yake akisoma kwa raha, hajawahi kusomewa na mtu asiyemwuliza baadaye fundisho la hadithi ni nini. Akimaliza kidato cha nne anakifunga kitabu kama mfungwa anavyovua sare. Wakubwa tunasema vijana hawasomi. Sisi tuliwasomea lini?

Hoja kwamba watu wetu si watu wa kusoma naikataa kabisa, kwa kuwa historia yetu wenyewe inaipinga. Mwaka 1967 watu wazima wawili katika kila watatu Tanzania hawakujua kusoma wala kuandika. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kufikia 1975 takwimu za serikali zilionyesha kwamba wasiojua wameshuka hadi asilimia 39, na 1986 wakawa chini ya asilimia 10. Bibi zetu walikaa chini ya miembe na kibao mapajani baada ya kutoka shamba. Na serikali ilijua kwamba aliyejifunza kusoma asipopata cha kusoma atasahau, ndiyo maana mwaka 1974 gazeti la Elimu Haina Mwisho lilianzishwa Mwanza kwa ajili ya wasomaji wapya wa Kanda ya Ziwa, likieleza kilimo, afya na habari za vijijini kwa maneno ya kila siku. Watu wakalisoma. Gazeti hilo halipo tena, na maktaba za vijiji nyingi zimebaki jina. Kiu haikukauka yenyewe. Maji ndiyo yaliyokatwa.

Basi vitabu gani visomwe Mwitongo? Tuanze na vya jirani. Mtu aliyesimama Kibara siku isiyo na ukungu anaiona Ukerewe, na kivuko cha Kisorya kinamfikisha Rugezi kabla hajamaliza mazungumzo. Kisiwa hicho kimetoa waandishi wawili ambao nchi yoyote ingejivunia. Aniceti Kitereza alimaliza mwaka 1945 riwaya ndefu kwa Kikerewe, akakosa wa kuichapa. Akangoja. Akaigeuza mwenyewe kwa Kiswahili, ndipo Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980 kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali. Mwandishi akafariki mwaka uliofuata. Miaka 35 kati ya kalamu na kitabu! Na kitabu chenyewe ni cha familia kuliko chochote ninachokijua: mume na mke wanaopendana, hawana mtoto, wakwe wanaingilia, mganga anatafutwa, pombe inapikwa, samaki wanavuliwa, mpaka watoto wanapatikana na kulelewa. Mjita au Mkwaya akisomewa sura moja atatambua nusu ya mambo yaliyomo. Mtu asome hata kurasa kumi tu, kwa sauti, wazee wakiwa wamekaa mbele, halafu aache wazee wasahihishe na kuongeza. Hapo ndipo kitabu kitakapoanza kazi yake.

Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Namagondo mwaka 1944 na kufariki Januari 2020, ni mgumu zaidi, na sitaki tumkwepe. Rosa Mistika ilipotoka mwaka 1971 ilizuiwa mashuleni. Wakubwa waliogopa yale yaliyosemwa humo kuhusu binti anayelelewa kwa kipigo na ulinzi mkali, kisha akiachwa peke yake hajui jinsi ya kujilinda. Baadaye riwaya hiyo ikafundishwa, lakini kama somo la mtihani. Mimi nasema isomwe na wazazi. Wakae kando, baba na mama wenye mabinti wa sekondari, na mwalimu wa fasihi aliye mtulivu, wazungumze kuhusu Zakaria, baba wa Rosa, bila kuogopana. Saa moja ya mazungumzo hayo nadhani itafaa zaidi ya semina nyingi za malezi.

Kwa wale wanaouliza kama watu watakuja, jibu liko Bujora, karibu na Kisesa, mkoani Mwanza. Padre David Clement alianzisha pale makumbusho ya Wasukuma, na kila mwaka majira ya sikukuu ya Ekaristi uwanja wa Bujora hujaa kwa ajili ya sherehe za Bulabo, makundi ya Wagika na Wagalu yakishindana ngoma. Watu hutoka vijijini na watoto mgongoni. Bujora si mji. Watu wanafuata kinachowagusa, na wanafuata mahali ambapo nao ni watendaji, ambapo hawakuitwa kuja kutazama tu. Kule Wales, Hay-on-Wye ni mji mdogo wenye watu wasiofika hata elfu mbili, lakini tangu 1988 tamasha lake la vitabu limekuwa likivuta waandishi wa dunia nzima. Kamiriithu, Limuru, nchini Kenya, mwaka 1977, wakulima na wafanyakazi wa kijijini walijijengea ukumbi wa wazi wakaigiza kwa Kikuyu mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩrĩĩ, na majirani wakajaa, hata serikali ikaingiwa na hofu na kuuzuia baada ya majuma machache. Ukubwa wa mahali haujawahi kuwa kikwazo.

Kikwazo ninachokiona mimi ni mazoea yetu ya shughuli. Tusiweke meza kuu. Tusimsubiri mgeni rasmi saa tatu juani huku watoto wakisinzia, wala tusiwapange watoto waimbe ngonjera za kumsifu atakayefika. Kiongozi akitaka kuja, karibu sana, aje na wajukuu wake na akae jamvini, na zamu yake ya kusoma ikifika asome. Tusiwe na mashindano ya insha. Mashindano humpa furaha mmoja na kuwarudisha wengine nyumbani wakiamini kwamba kuandika si kwao. Oktoba 14 ina heshima yake na taratibu zake, iachwe ilivyo. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambayo tangu 2023 imekuwa ikitolewa tarehe 13 Aprili, siku aliyozaliwa Mwalimu, ni jambo jema mno. Ombi letu kwa waandaaji ni dogo, kwamba washindi waletwe Mwitongo katikati ya mwaka, wawasomee watu wa kijiji alikozaliwa mwenye jina la tuzo.

Na lugha? Kiswahili kiwe cha wote, lakini kisiwe peke yake. Kutoka Bukima tumepokea daftari moja ambalo tumelitolea kurasa nane katika toleo hili. Mtoto wa darasa la sita ameandika hadithi ya bibi yake, Kijita upande wa kushoto, Kiswahili upande wa kulia. Mwandiko unakimbia, maana bibi hakumngoja. Mahali ambapo hakupata neno la Kiswahili ameacha nafasi na kuchora kidogo chombo anachokitaja. Na katikati ya kisa, fisi akiwa ameshanaswa, ameandika kwa mabano kwamba hapa bibi amekwenda kugeuza dagaa, kisha kisa kinaendelea. Hatukuyafuta mabano hayo. Kazi ya namna hii ndiyo tunayoitaka Mwitongo: bibi anasimulia kwa Kijita, Kizanaki, Kikwaya au Kiikizu, mjukuu anaandika, na mtu aliyezoea kalamu anakaa karibu kusaidia, haingilii.

Ratiba inahitaji kuwafikiria watu jinsi walivyo. Wasabato ni wengi Majita na Busegwe, na Jumamosi mchana wako ibadani. Wakatoliki na wengine wako kanisani Jumapili asubuhi. Kwa hiyo Jumamosi mchana iwe ya vitabu vya watoto wadogo na ya wanunuzi, na Jumapili ianze baada ya misa. Jua likizama Jumamosi, Sabato ikiwa imekwisha, wote wakutane kwenye moto kwa hadithi na muziki wa ritungu. Maktaba ya Mkoa, Musoma, ilete vitabu vya kuazimwa siku hizo mbili. Wachapishaji kama Mkuki na Nyota, pamoja na Mradi wa Vitabu vya Watoto, waalikwe walete vitabu vyembamba ambavyo mzazi mwenye watoto wanne ataweza kuvinunua. Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Nyerere kiko hapohapo Butiama, nacho kinaweza kusaidia kupokea wageni. Gharama kubwa itakuwa nauli, hasa kwa wanaotoka Majita na Kisorya, na kwa hiyo tungependa mabasi ya shule yanayoleta wanafunzi siku za kawaida yatumike siku hizo kuleta kaya nzima, na halmashauri za Musoma, Bunda na Butiama zigawane mafuta.

Makumbusho ya Taifa, familia ya Mwalimu na wazee wa Butiama ndio wenye mji. Bila wao hakuna neno, na toleo hili tunawapelekea kama barua ya maombi. Kwa wasomaji wetu tunaomba jambo moja. Atakayekubali kusoma au kusimulia kwa robo saa, kwa lugha yoyote ya Mara, ampe jina lake afisa utamaduni wa wilaya yake mapema, aeleze anatoka kijiji gani, ili wazee wanaotoka mbali wapangwe mwanzo na wawahi kurudi kabla ya giza.